Dadu za Mardochée

Kindu, Mikelenge
Tarehe 9 Septemba 2024

Kwa rafiki yangu Mardochée, Tunda

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wote wa nyumbani. Natumaini mvua za kwanza zimewakuta wazima na kwamba mihogo imepona ule ugonjwa wa majani. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto linaloniandama kila nikipanda ubavuni mwa boti. Bado kazi yangu ni kuchora majina ya boti pale bandarini. Juzi mwenye boti mmoja aliniagiza niandike "Mungu Anaona", na nilipomaliza akalalamika kwamba herufi ni ndogo, hazionekani. Nilimjibu kwamba anayetajwa pale hana shida ya macho. Alicheka, lakini nilizirudia kwa rangi nyekundu.

Barua yako ya Julai niliipokea salama kutoka kwa Henri wa pikipiki. Najua nimechelewa kujibu. Katika miaka yote hii sijawahi kukaa miezi miwili na barua yako bila kushika kalamu, na huenda umedhani naumwa. Siumwi. Nimekuwa nikiandika na kuchana.

Hapa nyumbani hakuna mapya. Mke wangu Nicole aliondoka kwenda Kisangani miaka kumi na mitatu iliyopita na hakurudi, nawe unajua hilo. Binti yetu Christelle hunipigia simu mwaka mpya. Nyumba ina vyumba vitatu; mimi hulala kimoja, na viwili vinanitazama tu. Ukiniuliza nazungumza na nani, nitakwambia nazungumza na wewe, kwa karatasi, na viumbe wa mchezo wetu. Ni upweke, siwezi kuuita jina lingine.

Leo nataka kuyaandika mambo yetu toka mwanzo, hata yale unayoyajua. Nivumilie.

Ilikuwa mwaka 1997, tulipokuwa shuleni pamoja. Yule mwalimu Mfaransa alipokuwa akifunga mizigo aliacha sanduku la vitabu, na wenzetu waligombania kamusi. Chini kabisa kulikuwa na kitabu kinene chenye picha za viumbe wa hadithi za Asia, kijitabu cha kanuni za mchezo, na dadu mbili za pande ishirini. Wenzetu waliona picha wakasema ni vitabu vya mashetani. Sisi wawili tuliona picha hizohizo tukavichukua. Kanuni zilikuwa rahisi: mmoja ni mwongozaji, anasimulia njia na viumbe waliopo, mwingine anajitungia mtu wake, anasema mtu huyo anafanya nini, kisha anarusha dadu kujua kama ameweza. Ishirini ni ushindi mtupu, moja ni balaa. Mimi nikawa mwongozaji.

Viumbe wote tuliwahamishia kwetu. Kapa wa Wajapani, yule kiumbe wa mtoni mwenye kibakuli cha maji utosini, tulimweka chini ya gati la Kindu. Kitabu kilisema ukimwinamia kwa heshima naye atakuinamia, maji yatamwagika na nguvu zitamwisha. Mardochée alisema kwa jinsi watu wa Maniema wanavyosalimiana, kapa wetu wote wangekwisha kabla ya saa tatu asubuhi. Yule mwanamke wa theluji, naye wa Wajapani, alitutatiza, maana hakuna kati yetu aliyejua theluji ikoje, hivyo tulimpangisha katika chumba cha barafu cha wauza samaki.

Vita vilipokuja mwaka 1998, shule ilifungwa na treni ikasimama. Mardochée alirudi kwao Tunda na dadu moja, mimi nikabaki Kindu na dadu nyingine na kitabu. Nilidhani mchezo umekwisha. Februari iliyofuata akaja Franck, mmoja wa wale wanaume waliosukuma baiskeli zenye mizigo kwa siku saba kwa miguu, akafungua gunia lake na kunitolea barua iliyonuka mawese. Mardochée alikuwa amejitungia mtu mpya, aitwaye Mashinisti, dereva anayetembea kwa miguu juu ya reli akitafuta treni yake. Alitaka kujua ni kiumbe gani anamngoja katika daraja la kwanza la reli.

Hivyo tukaanza kucheza kwa barua. Mimi niliandika kinachotokea, yeye alirusha dadu kule Tunda na kuniandikia namba iliyotoka. Nani angemkagua? Nami nakwambia, katika barua thelathini na moja, Mardochée hakupata namba iliyo chini ya kumi na nne. Alimshinda mbweha wa mikia tisa kwa kumi na nane. Yule maiti wa Kichina anayeruka miguu pamoja, ambaye nilimweka juu ya mataruma ya reli, alimwangusha kwa ishirini mara tatu mfululizo. Aliniandikia bila haya kwamba mdogo wake wa kike humchungulia begani anapoandika na kumcheka kwa udanganyifu. Sikumwambia neno. Nilimtafutia kiumbe mkubwa zaidi, na nilimpenda zaidi kwa sababu hiyo.

Sasa nafika mwaka 2002. Mwishoni mwa mwaka huo, baada ya miezi minane ya kimya, nilipata barua kutoka Tunda. Mwandiko ulikuwa uleule, na herufi M ilikuwa na mkia uleule. Mashinisti amefika mtoni, amejaribu kuvuka, amerusha dadu, amepata tatu. Katika barua iliyofuata alipata moja, akaumia mguu. Alipokutana tena na yule mbweha hakumpiga. Alimwuliza kama amekula. Mardochée hakuwahi kupata tatu maishani mwake.

Déborah, ni wewe.

Wewe ndiye mdogo wake aliyekuwa akichungulia begani. Ulikuwa na miaka kumi na saba, na uliweza kuiga mwandiko wa kaka yako, lakini hukuweza kusema uongo juu ya dadu. Nimejua hilo kwa miaka ishirini na miwili na kila mara nimeanza barua kwa jina lake. Mnara wa simu ulipofika huko kwenu hukuniandikia namba, nami sikuiomba. Sauti ingetuumbua sote wawili. Sijui kwa nini ulianza. Labda ulinihurumia, ukadhani sijapata habari. Labda ulitaka pawe na mtu mmoja duniani anayemwandikia bado. Sikulaumu kwa lolote, na naomba usinionee haya.

Mimi habari nilikuwa nazo. Franck alikuja kwangu wiki moja baada ya Pasaka ya mwaka ule, bila baiskeli. Hakukaa. Alisema, "Rafiki yako alishakufa. Siye njo tulimuzika, ku mbavu ya reli." Watu wenye bunduki walikuwa wameweka kizuizi kando ya reli, safari yao ilikuwa imefika nusu, na walimchagua yeye wamuue kwa sababu alikuwa kijana. Franck aliniambia kwamba atatuma habari Tunda, na najua ilifika, kwa kuwa mlikaa matanga. Mimi sikuja. Njia zilikuwa zimefungwa, lakini hata zingekuwa wazi nisingekuja, na sababu yake nakuandikia sasa.

Katika barua yako ya Julai, Mashinisti amekutana na baku, yule mnyama wa Kijapani mwenye mkonga na miguu ya chui anayekula ndoto mbaya. Umerusha dadu, umepata saba, nawe hukuomba silaha wala njia. Umemwomba baku ale ndoto ya mwanamke mzee wa Tunda, ambaye tangu mwaka 2002 humwona mwanawe akitoka kwa mlango wa nyuma siku ya mwisho, siku aliyomfokea kwa ajili ya mbuzi aliyekula maharage ya jirani. Umeandika maneno aliyomwambia: "Enda, usirudiye huku." Umeandika pia kwamba mzee huyo haamki tena mkekani. Nilielewa kwamba ni mama yenu, Mama Béatrice, na kwamba anaondoka duniani akiamini ni ulimi wake uliomuua mtoto wake.

Nilijaribu kuandika kwamba baku amekula ndoto hiyo akashiba. Nilijaribu mara nane. Sikuweza, kwa kuwa huyo mama hana kosa. Mardochée nilimwita mimi.

Mwezi wa Februari mwaka ule baba yangu alifariki. Mji ulikuwa umezingirwa, hakuna aliyethubutu kwenda shambani, tulikula majani na kilichookotwa mtoni. Nilikuwa peke yangu katika nyumba hii. Nikamwandikia Mardochée kwamba pambano la mwisho, la naga, joka kubwa la maji la Wahindi, haliwezi kuchezwa kwa karatasi. Aje Kindu kabla ya Pasaka tulicheze uso kwa uso. Alinijibu akiuliza swali moja tu: njia ikoje? Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu waliokuwa wakiingia mjini na majeraha kutoka upande huohuo. Nilimwandikia kwamba njia imetulia. Haikuwa imetulia. Nilitaka mtu, Déborah. Nilitaka mtu akae mbele yangu na kunidanganya kuhusu dadu.

Barua hiyo Franck aliikuta ndani ya shati la kaka yako, akanirudishia mimi kwa kuwa ilikuwa na jina langu. Ndiyo maana nyumbani kwenu hamkujua alifuata nini. Nimeificha hadi leo. Naiweka humu ndani ya bahasha hii. Utaona nyuma yake, kwa mkono wa kaka yako, ameandika Jumanne waliyopatana na Franck kuondoka pamoja, na tarehe yake inaonyesha kwamba walipatana wiki mbili kabla ya mama kumfokea. Mbuzi angekula maharage au asingekula, mama angefoka au angenyamaza, Jumanne ile Mardochée angekuwa njiani.

Nakuomba umsomee mama leo, usingoje kesho. Msomee yangu yote, na uongo wangu pia, usinisitiri. Akitaka kunilaani, mwache anilaani. Ni haki yake, na atakuwa amemlaani anayestahili. Kama bado ana nguvu ya kuniona, Henri amekubali kunileta Tunda siku yoyote mtakayosema, nami nitakuja kuketi mbele yake. Kama hataki, sitakanyaga huko.

Nilinyamaza kwanza kwa woga. Kisha barua yako ya kwanza ikafika, na nikaona kwamba nikinyamaza zaidi nitaendelea kuwa na rafiki. Ulinipa kaka yako kwa mara ya pili, na mimi nikampokea bila kukwambia nilichomfanya yule wa kwanza.

Nisalimie mama kwa heshima yote, kama salamu yangu itapokewa. Wasalimie majirani na yeyote aliyebaki anayenikumbuka.

Nawe nimekuandikia miaka yote hii bila kukusalimu hata mara moja kwa jina lako. Jambo, Déborah. Uko muzima?

Ni mimi,
Ayoubu