Taa ya Vifaranga Kichwani kwa Baba

Kaka yangu,

Nina hasira na wewe, na safari hii sitaizungusha kwa salamu. Baba ameungua utosi kwa taa ya vifaranga, hapahapa nyumbani Mjimwema, akitibu ubongo kama ulivyomwelekeza.

Unakumbuka tulivyolea vifaranga chumba cha uani, baridi ya Juni imekaza, sisi wawili ndani ya blanketi moja tukiwachungulia? Baba alituita karibu. “Wakirundikana, wanaona baridi. Wakiikimbia taa, ipandisheni.” Wewe ndiye uliyepewa kamba ya kuipandisha, na mimi nilikuonea wivu mpaka nikalia.

Baba alipoanza kusahau nilikuomba tumpeleke hospitali. Ukasema nisimtishe mzee. Ukarusha video kwenye grupu la familia, mtu amevaa kofia yenye mwanga wa infraredi, eti unaamsha ubongo. Kisha ukanituma Makambako kuipokea kofia ya namna hiyo kwenye basi. Nikamvalisha, nawe ukamwambia kwa simu akae chini ya mwanga kila asubuhi. Mwanga wake hauonekani kwa macho. Wewe ulijua, ila hukumweleza. Alijitazama kwenye kioo, akaivua. “Hii imekufa,” akasema. “Taa nzima inawaka nyekundu, joto unalisikia.” Nikacheka, nikadhani yameisha.

Jumapili nimetoka ibadani, namkuta bandani amekaa juu ya ndoo, kofia yake ya sufu mapajani. Taa ya vifaranga ameivutia kwake, ameishusha mpaka karibu iguse kipara. Ngozi ina malengelenge. Vifaranga wamerundikana kwenye kona, wengine wameshakufa kwa baridi. Nikamshika mkono anyanyuke.

“Kamwene, dada,” akanisalimu, kama unavyomsalimu mpita njia. “Niache kwanza. Mwanangu amesema nikae.”

Mtu aliyetufundisha kuipandisha taa hakujua kuikimbia. Hilo ndilo linaloniuma. Labda kofia yako inasaidia, labda haisaidii, mimi si daktari. Na wewe si daktari, kaka. Ulituma kofia ili usije mwenyewe.

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Humu ndani ni uongo mtupu. Hupo, na neno lako ndilo linalotawala nyumba. Mimi ninayempikia uji na kumfulia, nikisema hospitali, ni kelele za dada asiyemjua. Juzi nilikupigia umwambie wewe, ukasema uko kikaoni. Hukupiga tena.

Njoo umshike mkono umpeleke. Sitaki video, sitaki mzigo mwingine kwenye basi. Jana amelisahau jina la marehemu mama. Lako bado analo, na sijui atakaa nalo mpaka lini.

Taa nimeificha. Lakini kila asubuhi anakwenda bandani, anavua kofia, anakaa juu ya ndoo gizani na kidonda chake kichwani. Nikimuuliza anafanya nini, ananijibu kwa upole kwamba anakutii.

Mdogo wako,
niliyebaki na Baba.