Mkono Mdogo wa Mto

Jumatatu, 4 Novemba

Mwanangu Wakesho amemwaga uji wake sasa hivi. Hakulia. Alichuchumaa akauangalia unavyokimbia sakafuni, ukafika kwenye jiko, ukagawanyika, ukapita huku na huku. Akaonyesha jiko kwa kidole. "Kwetu!" Nimecheka mpaka nikasahau kumgombeza.

Kweli ndiyo kwetu. Mto Voi ukifika hapa chini unagawanyika, unapita pande mbili, halafu unaungana tena. Sisi tuko katikati. Mjini wanatuita watu wa Kisiwani. Nyumba ni mbili tu, yetu na ya Athmani fundi wa baiskeli. Miezi mingi tunavuka kwa mchanga mkavu, hakuna anayekumbuka ni kisiwa. Lakini mvua inanyesha milimani, Bura kote. Maji yamekuwa mekundu.

Jumatano, 6 Novemba

Mzee wa mtaa amepita. Tuhame kabla ya Jumapili. Nyanya, yaani mama mkwe wangu, hata hakusimama. Aliendelea kuchambua mchicha. Amesema mkono mkubwa wa mto ndio mkali. Huu mdogo ameuvuka akiwa mjamzito, akiwa na kuni, akiwa na homa, na haujawahi kumpita magoti. Tena Babu, mumewe, amezikwa hapa. Hamwachi.

Athmani anahamisha mbuzi wake. Amemwambia Nyanya, "Mama, maji hayaheshimu umri."

"Na huo mdomo wako unaheshimu nini?"

Athmani akacheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 8 Novemba

Mume wangu Mwakio amepiga simu kutoka Ndara, kule ranchi anakochunga. Njia imekatika, hawezi kuja. Amesema nisimwache mamake. Amesema pia nimtoe mtoto. Nikamuuliza, sasa mimi nijigawe vipi? Halafu simu ikakatika.

Naogopa. Nina hasira na Nyanya. Nilikuja hapa na tumbo, shule nimeiacha, na hakunitukana hata siku moja. Ndiyo maana siwezi kumwacha. Hasira iko pale pale.

Jumamosi, 9 Novemba, asubuhi

Pale tunapofulia kwenye mkono mdogo hapaonekani tena. Nilirudi nikamwambia Nyanya. Halafu nikauliza kitu ninachokiona kila siku bila kukiuliza. Mbona ule mkono umenyooka hivyo, kama umepigwa kamba?

Akacheka. "Tuliuchimba."

Nikakaa chini. Kumbe hapa hapakuwa kisiwa. Babu alipoacha kazi ya kukata mkonge alilima kipande hiki cha ukingoni, na jua likawa linaua mboga. Wakachimba mtaro wa kuleta maji, yeye na Nyanya, mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe ndiye Mwakio. Mvua ilipokuja, mto ukaupenda ule mtaro. Wakaamka wako kisiwani. "Watu wa kwanza wa kisiwa," Nyanya amesema, "na hakuna anayejua kuogelea." Eti walicheka siku nzima.

"Mlipochimba, mlikuta jiwe?"

"Mchanga mtupu."

Mkono mkubwa una mwamba chini. Huu hauna kitu cha kuuzuia. Nilimwona analifikiria hilo, macho yake yako mlangoni. Hakusema tunaondoka. Alichukua jembe akaenda kung'oa chipukizi la mgomba ulio karibu na kaburi. Hapo nikajua. Nafunga nguo.

Jumapili, 10 Novemba

Tulivuka jana mchana. Athmani alifunga kamba kwenye mti wa ng'ambo. Alimbeba Wakesho mabegani, naye anamvuta masikio. Maji yalinifika kifuani. Nyanya nyuma yangu, chipukizi kichwani, mkono mmoja kwenye kamba. Nikamwambia autupe huo mgomba.

"Nyamaza. Tembea."

Leo tumesimama ukingoni. Paa letu halipo. Mkono mdogo umekuwa mto mzima. Nyanya hakulia. Alisimama tu, leso mdomoni. Najutia ile hasira.

Jumapili, 24 Novemba

Mwatate, kwa dadake Nyanya.

Mvua imepungua. Jana Mwakio alikuja, tukaenda kuangalia. Mto umechagua mtaro, moja kwa moja. Ule mkono mkubwa umebaki madimbwi. Kwa hiyo kisiwa hakipo. Kipande kilichobaki kimeshikana na ng'ambo, upande wa ranchi. Nyumba yetu ni mawe ya msingi tu. Kaburi lipo. Msalaba umeinama kidogo, na kando yake kuna nyayo za ndovu.

Nilimweleza Nyanya. Alifikiri. "Kumbe Babu amehamia Ndara bila kuniaga." Akacheka kidogo, halafu akafuta macho.

Athmani amepata kibanda stendi ya Voi. Ametutumia salamu, na kwa Nyanya salamu za pekee, eti amekosa mtu wa kumtukana.

Mwakio anasema tutapata pa kulima. Namwamini. Chipukizi tulilipanda nyuma ya jiko la huyu dada. Siku zote hizi lilikuwa limenyauka, nikajua limekufa. Leo limetoa jani, bado limejikunja. Naona litashika. Naona na sisi—

Nyanya ananiita huko nje. Anasema nije mbio nione, Wakesho amechukua kijiko anachimba mtaro mpaka kwenye mgomba, amepindua ndoo, na maji yameufuata. Naenda.