Nyumba Moja kwa Kila Kiwanja

Baba yangu, uliyelala Mwika,

Shikamoo. Siku hizi siwezi kukaa kwenye kiti hata dakika kumi. Naanza kuosha vyombo, naviacha kwenye karai, natoka uani, naizunguka nyumba yako mara mbili, narudi ndani nimesahau nilichokifuata. Nimeona nikuandikie, tena nikuandikie wazi watu wasome, maana kosa lenyewe nililifanya mbele za watu.

Unakumbuka siku uliyonileta kukiona kiwanja hiki? Nilikuwa darasa la nne. Soweto hii ya Moshi wakati ule ilikuwa majani na nyumba za kuhesabu. Ulinishika mkono tukatembea kutoka bikoni moja ya mpaka hadi nyingine, ukaniambia nihesabu hatua, na kila mara nikakosea kwa sababu ulikuwa unanichekesha. Halafu ukasimama katikati, ukafungua mikono, ukasema, "Hapa hakuna mtu atakayenikoholea sikioni." Nilijua unawasema ndugu zako. Kule mlimani kihamba cha babu, shamba letu la ukoo, kilikuwa kimegawanywa kwa wanawe wote, kila mmoja na mistari yake michache ya migomba na kahawa, na nyumba ya baba mkubwa ilikuwa karibu na yetu kiasi kwamba mama akikaanga kitunguu, wao ndio walioanza kupiga chafya.

Ukajenga. Vyumba vitatu, kibaraza, na uwanja mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Mgeni akija ulimsomea kibali cha ujenzi kabla hajapewa chai: nyumba moja ya kuishi, familia moja. Ulikisoma kwa sauti ya kanisani kabisa, na mama alikuwa anakimbilia jikoni kucheka. Yeye ndiye aliyekuomba ujenge vyumba viwili vya kupangisha nyuma. Ukamjibu, "Nimekimbia msongamano, halafu niuite kwa mkono wangu?" Hakuuliza tena.

Ulipoondoka, kihamba kilikwenda kwa kaka Aminieli, mwanao wa mwisho wa kiume, kama mila inavyotaka. Nyumba ya mjini ukaniachia mimi niliyekuuguza. Nimeitunza, baba. Nimekata majani, nimepaka rangi, nimefukuza kila dalali aliyegonga geti. Na maneno yako niliyatunza zaidi ya nyumba.

Mama Neema wa jirani humkumbuki vizuri, alihamia ukiwa tayari kitandani. Ni mtu wa Singida. Mumewe alifanya kazi kiwanda cha sukari huko tambarare, wakawalea watoto wote kwenye nyumba za kampuni, na alipostaafu wakanunua kile kiwanja chenye nyumba kuukuu. Mwaka huu akasema anataka kuivunja, ajenge ghorofa nne za vyumba vya kupangisha. Wakati huohuo tukasikia manispaa inafikiria kuruhusu maghorofa mtaa wetu wote. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao.

Nilistaafu ualimu lakini kalamu haikustaafu. Niliandika barua ya kupinga, ukurasa mzima, nikaipitisha geti kwa geti. Niliandika kwamba maji yenyewe hayatutoshi, kwamba chemba za vyoo zitafurika, kwamba jua la asubuhi litazibwa, kwamba mtu hataweza kuanika nguo zake za ndani bila kuchunguliwa na wapangaji wa juu. Mengine yalikuwa ya kweli na bado ni ya kweli. Watu walisaini.

Kwenye kikao Mama Neema alisimama na kanga yake mabegani, hakupandisha sauti. "Nyie wenzetu mna kwenu mlimani," alisema. "Sisi kwetu ndiyo hapa. Na hawa vijana wanaofanya kazi mjini, mnataka walale wapi?"

Nikamjibu nikiwa nimekaa, "Waende kwao."

Ukumbi mzima ulicheka, baba. Wengine walipiga makofi. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, nikaikalia ile kona yako ya kibarazani nikijiona nimekutetea. Mwenyekiti alisema pingamizi letu litapelekwa manispaa, na likapelekwa.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Mwika kusafisha kaburi lako kihambani. Nilipokata kona ya pale kwa kaka nikadhani nimekosea njia. Kulikuwa na mwanga. Wewe unajua kwamba pale ulipolala jua halijawahi kufika chini, migomba ilikuwa inakufunika na kahawa inakuzunguka. Sasa jua lilikuwa linalipiga kaburi lako moja kwa moja, saruji imepauka. Kahawa ilikuwa imeng'olewa, visiki vimelundikwa pembeni, migomba imelala. Na katikati ya ule uwazi kulikuwa na mtaro wa msingi, na ndani ya mtaro alikuwamo Elibariki, mtoto mkubwa wa Aminieli, fundi umeme, yule uliyekuwa unamwita rafiki yako. Alikuwa anachimba.

"Shikamoo shangazi."

Sikuitika. "Elibariki, hii ni nini?"

"Msingi, shangazi."

"Kwenye kahawa ya babu yako? Hatua nane kutoka kaburini?"

"Baba ndiye aliyenionyesha hapa. Kwingine kote pameisha. Mke wangu anajifungua karibuni, na kule ndani tumelala na wadogo zangu mpaka sebuleni."

Nikamwambia akapange mjini, si ndiko kazi yake iliko? Akauegemea mpini wa jembe. "Mjini wapi, shangazi? Nimetembea Soweto yote. Mwaka jana nilikuja kwako nikakuomba nijenge vyumba viwili pale nyuma, ukasema babu hakupenda. Mwaka huu nikaenda kwa Mama Neema, jirani yako. Aliniahidi vyumba viwili vya juu akimaliza kujenga." Akafuta jasho kwa kiwiko. "Halafu nikasikia kikao kimesema twende kwetu. Ndiyo nimekuja."

Alisema kikao. Hakusema "wewe umesema". Alikuwa anajua ni mimi, na adabu yake ndiyo iliyoniumiza kuliko kama angenitukana.

Nilifoka hata hivyo. Mimi mwanao unanijua, nikikosa la kusema ndipo naongeza sauti. Nilimwambia hana haya, nikamwambia anamchimbia babu yake kitandani, nikaondoka bila kung'oa hata jani moja kaburini pako. Nilikuwa nimeshafika barabarani nikisubiri usafiri aliponifuata mbio, ameshika jani la sale amelifunga fundo, akaniletea kwa mikono miwili. "Naomba unisamehe nimechimba kabla sijakwambia." Kwetu mlimani, aliyeletewa sale akaombwa msamaha hana ruhusa ya kukataa, ulitufundisha hivyo tukiwa wadogo, na uliwahi kumsamehe kwa jani hilohilo mtu ambaye mpaka leo nisingemsamehe. Nikalipokea. Nikashuka nalo Moshi nimeliweka mapajani, nikijua kabisa kwamba aliyepaswa kulipeleka kwa mtu ni mimi.

Baba, nilikukasirikia. Niseme tu. Uliukimbia msongamano wa kihambani, ukapata nafasi, ukafunga geti, nami nikaweka kufuli. Kila wiki nakata majani uwanjani ambayo hata ng'ombe hayali, kwa sababu sina ng'ombe, ili kule juu mjukuu wako ang'oe kahawa uliyoipanda wewe. Nilidhani nalinda utulivu uliouacha. Nilikuwa nausukuma msongamano ule ule urudi kwako, ukukute umelala.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa Mama Neema. Sikumpelekea sale, asingejua ni jani la nini. Nilimwambia kwa mdomo kwamba nimekosa na nitaliondoa jina langu kwenye ile barua. Alikuwa anachambua mchele, hakusimama wala hakuninyanyulia uso.

"Jina lako moja," alisema. "Na wale uliowapitia geti kwa geti?"

"Nitawapitia tena."

"Na kiwanja chako je, mwalimu? Au maghorofa ni mazuri upande wangu tu wa ukuta?"

Nilikunywa maji aliyonipa, nikarudi nyumbani, nikaanza hii tabia ya kuzunguka nyumba.

Nimewapitia, baba, geti kwa geti. Mmoja alinicheka, "Mwalimu, juzi tu ulitusainisha, leo tufute?" Mwingine hakufungua, nilimsikia akizima redio. Wachache wamefuta. Manispaa haijamjibu mtu, si waliobaki kupinga wala waliofuta. Elibariki amekubali kuacha jembe kwanza, lakini masika yanakaribia, mtaro uko wazi, na udongo wa pale unaujua wewe, ukilowa unaporomokea upande wako. Mtoto naye hatasubiri kikao. Ndiyo maana sikai.

Bado siyapendi maghorofa. Wala sipendi kuwaza wageni wanapanda ngazi juu ya kichwa changu. Nitakukumbuka kibarazani na nitalia, najua, na Mama Neema atanisikia kupitia ukuta. Lakini lile swali lake halikunitoka, na juzi asubuhi nilivaa viatu kabla sijabadilisha mawazo, nikaenda manispaa, nikaandika ombi. Si la kumsaidia Mama Neema. La kwetu. Kibali kikitoka, nyumba yako inavunjwa, na kiwanja ulichonihesabisha hatua kinajengwa ghorofa, vyumba vya watu wa kila kabila, na vya kwanza ni vya Elibariki. Mpaka hapo atakaa na mkewe kwenye chumba chako. Nimeshatoa kitanda chako nje kipigwe jua.

Mpimaji anakuja Jumatatu, na geti nitamfungulia mimi mwenyewe. Nimejaribu sana nikulindie vyote viwili, nyumba uliyoijenga na pale ulipolala, nimeshindwa. Nimechagua ulipolala. Ukikasirika, baba, nikasirikie mimi, yule mtoto umwache. Mtaro wake tutaufukia pamoja mvua haijaanza, na miche ya kahawa ameshaitafuta.

Lala, baba. Kivuli kitarudi polepole.

Ni mimi binti yako, uliyemwachia nyumba.