Gauni la Zipu Mgongoni

Jumanne. Joto la kunata, mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi na mvua haitaki kushuka. Nina hasira. Chini ya hasira kuna woga, kama kawaida yangu.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu. Wa kuamua kama utaendelea ni Madamu, mkuu wa ofisi yetu ya kutoa mizigo forodhani. Ndiyo maana tangu likizo ya uzazi iishe navaa gauni lenye zipu mgongoni. Anayenyonyesha havai nguo ya namna hiyo. Nilitaka wasahau kwamba nimezaa.

Sheria inanipa muda wa saa moja kila siku nimnyonyeshe mwanangu. Madamu anaijua. Alinikubalia kwa sharti moja: mtoto asionekane. Basi yaya alikuwa akimleta Swabri nyuma ya duka la vipuri ng'ambo ya barabara, nami natoka ofisini kama mwizi, yeye ananifungulia zipu.

Jumapili yaya alirudi kwao, mkoa wa Ngozi, kumuuguza mama yake. Mume wangu akasema atamleta yeye. Ana gereji yake hapa mtaani Buyenzi, haombi ruhusa kwa mtu. Leo asubuhi mama mkwe alimtazama akijaribu kumfunga mtoto mgongoni kwa kitenge.

"Nilizaa fundi, leo naona yaya."

Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia asubiri nyuma ya duka.

Duka lilikuwa limefungwa, pa kupita nyuma hapakuwepo, na Swabri alikuwa na njaa. Akaja naye mpaka getini.

Zamu wetu, mlinzi wa getini, ni mgeni, aliajiriwa nilipokuwa likizo. Aliona mwanaume mwenye grisi mpaka viwikoni, na mtoto mchanga amefungwa upande, analia. Kelele zao zilipanda mpaka dirishani kwetu.

"Mama ya huyu mutoto iko wapi?"

"Iko humo ndani, anafanya kazi."

"Apana. Humo hakuna mwenye mutoto."

Watu wakaanza kujaa. Mama mmoja muuza ndizi akatua beseni lake. "Ameiba! Mwanaume na mutoto mudogo hivi, anampeleka wapi?"

"We mama, mi niibe huyu anayelia hivi? Ningechukua wa jirani, yule analala!"

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alimshika kola, mwingine akaanza kufungua kitenge.

Madamu alikuwa dirishani, mbele ya wateja wawili. Akanigeukia. "Unamjua mtu yule?"

Nikainamia karatasi za mizigo.

Ni muda mfupi tu, lakini nilinyamaza. Mume wangu kashikwa kola, nami nawaza mkataba.

Kisha Swabri akalia ile sauti yake ya kukatika, na maziwa yakaloanisha gauni langu. Mwili ulijibu kabla yangu.

"Ni mume wangu," nikasema.

"Kaunta haiachwi. Mi nimezaa wanne, na hakuna aliyesikia hata mmoja akilia hapa," Madamu akajibu.

Nikashuka.

Sikuwahi kumwambia mtu mzima "toa mkono wako" kwa sauti ile. Yule aliyeshika kola aliutoa. Lakini yule mama wa ndizi hakuridhika. "Kama ni wako, munyonyeshe tuone."

Hapo ndipo gauni liliponifunga. Nilipapasa mgongoni, zipu siifikii. Mbele ya barabara nzima mume wangu aliishusha kwa vidole vyake vya grisi, akanifunika kitenge mpaka shingoni. Nikakaa kwenye kiti cha zamu. Swabri akanyonya kwa pupa.

Wakatawanyika. Wala pole hawakusema, isipokuwa zamu. "Pole, dada. Lakini mwanaume na mutoto, nani angejua?"

Ndiyo, nani angejua. Msichana wa miaka kumi na tano akipita na mtoto wa watu mgongoni, hakuna anayemuuliza. Baba mzazi akimbeba wake, anakamatwa. Nawachukia kwa hilo, wote, na beseni lao la ndizi. Na ninajua pia kwa nini zamu aliapa kwamba humo ndani hakuna mwenye mtoto. Ni mimi niliyejificha vizuri hivyo.

Nilipokuwa napanda ngazi Madamu alinisubiri juu. "Kesho mutoto aletwe na mwanamke. Au ubaki naye nyumbani."

Akageuka, akarudi kwa wateja wake.

Sasa ni jioni. Nimelifua gauni kwa sabuni ya unga, alama za vidole vyake hazitoki, nne nyeusi kando ya zipu. Mama mkwe amesikia habari na anasema tumejiaibisha. Mume wangu anambembeleza Swabri uani, vibaya, kama anasukuma gari lililozimika. Ameniuliza kesho asubiri wapi.

Sijui kama mwezi ujao nitakuwa na kazi.

Getini, nimemwambia. Na nimepiga pasi blauzi ya vifungo vya mbele.