Tunapokezana Pumzi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Jumamosi tuliimba ukumbini, sisi watano, bila ala hata moja. Mzee mmoja wa kiti cha mbele aliinuka akachungulia nyuma ya pazia, anatafuta ngoma. Kumbe ngoma ni mdomo wa yule mwenzetu fundi cherehani! Watu walivunjika mbavu.

Wimbo wa mwisho una sauti moja ndefu isiyokatika. Ukumbi ulitulia tuli, hata simu zikasahaulika. Tulipomaliza wakatuzunguka: "Kwani nyie hampumui?"

Tunapumua, dada, ila tunapokezana. Mmoja akivuta pumzi, wenzake wanaishikilia sauti, na msikilizaji hajui nani kanyamaza.

Umeniandikia kwamba Mama halali tena, usiku kucha anakuita, halafu ukamalizia, "Usijali, naweza." Najua unaweza, wewe ndiye uliyenifundisha kuimba. Lakini mwaka mzima sauti hiyo umeishika peke yako.

Likizo nimeshapewa, nafika Ijumaa. Usibishe, na usinipikie. Nionyeshe tu dawa za Mama zilipo, kisha nenda kalale.

Mdogo wako,
Kinanda