Bastola ya Tisa au ya Arobaini na Tano

Ibra, Alkhamisi, 8 Oktoba 1998

Seif wangu,

Basi eda imekwisha, wanawake waliokuwa wakilala nami wamerudi makwao, na ndugu yako Khalfan kaja kutoka Bidbid kunitafutia mwenzangu mpya wa nyumbani: bastola.

Alasiri nzima yeye na mkwe wetu Salim wamekaa wakila halwa yangu na kubishana niwekewe ya risasi gani.

"Milimita tisa inatosha, ami," akasema Salim. "Nyepesi, na inaingia risasi nyingi."

"Tisa ya kufukuzia kunguru! Shemeji akimpiga mwizi kwa ya arobaini na tano, mwizi hainuki tena."

"Na bega la mama je, litainuka?"

Wataalamu hao. Mimi kopo la nyanya tu hunishinda kufungua. Na mwizi mwenyewe hajulikani. Anayeruka ukuta wetu ni mbuzi wa jirani Bi Zuwena.

Nikawauliza ipi kati ya hizo inakohoa usiku, nijue kuna mtu ndani. Wakacheka. Khalfan akasema, "Shemeji bado ana mzaha wake, alhamdulillahi."

Sikuwa na mzaha. Siogopi wezi, Seif, naogopa kimya cha chumba chetu baada ya isha. Nilitaka kumwomba Salim amwache binti yetu alale nami, walau wiki hii. Badala yake nikawaongezea kahawa, nao wakaondoka wameridhika: tisa imeshinda, italetwa Jumamosi.

Milango nimeifunga, kisha nikarudi kuhakikisha. Huko uliko nikumbuke, japo kidogo.