Jiwe la Mlangoni

Baba Severa na wanangu,

Mmelala tena mkekani kama dagaa, mvua inawabembeleza, nimeona nisiwaamshe. Uji uko kwenye chupa. Severa, ukiamka bandika mbaazi, nimeshazichambua. Onesphory asitoke pekupeku, mtaa mzima ni matope.

Mimi narudi kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika. Alfajiri niliweka pale jiwe letu la mlangoni, lile jeusi nililotoka nalo Marangu, likawa la nne. Nikarudi kuwapikia uji. Nawe Baba Severa ukaenda kununua mkaa, ukaliona, ukalibeba mpaka nyumbani: “Mama Severa, mwizi kalitupa barabarani, nimeliokoa!” Jamani, miaka minane Kariakoo, hujui kwamba jiwe kwenye foleni ni mtu?

Watoto walicheka mpaka wakagaagaa. Mimi nikafoka. ~~Kwa hiyo leo mtakunywa chai chungu.~~ Hapana, nisameheni. Sikuumia kwa ajili ya sukari. Likizo hii yote ya Pasaka mnacheza karata na kucheka, na mimi kila nikirudi nakuta kicheko kimekwisha. Leo ndiyo kwanza nimekikuta kibichi, nikakizima mwenyewe.

Foleni nitasimama kwa miguu yangu. Jiwe nimelilaza mkekani, kati ya Severa na ukuta. Hapo ni pangu. Mkianza karata, na mimi mnigawie.

Na safari hii, Baba Severa, usiliokoe.

Mama yenu